Nimepata CCNA, nipo Arusha, kazi za netiweki naanzia wapi?

Kijana wa Sakina

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naombeni ushauri wenu maana nimezunguka na hili jambo kichwani mpaka usingizi unakata. Nipo Arusha, nina diploma ya TEHAMA na mwezi juzi nimefanya mtihani wa CCNA, cheti cha netiweki cha Cisco, nimefaulu. Mtihani wenyewe dola 300 na sehemu kubwa ya hiyo hela ametoa dada yangu ambae anauza mboga soko la Kilombero, kwa hiyo mnaelewa nikisema hiki cheti hakiwezi kukaa kabatini tu.

Shida ni kwamba kila tangazo nalokutana nalo linataka uzoefu wa miaka miwili, mitatu, sasa huo uzoefu mtu anaupata wapi kama hakuna wa kumuanzisha? Kwenye Packet Tracer, ile programu ya kuigiza netiweki, VLAN (kugawa netiweki moja vipande), OSPF (rauta kupeana njia), NAT (wengi kutumia anwani moja ya nje), ACL (kuchuja nani apite) zote naseti bila kuchungulia popote, sabuneti yaani kugawa anwani napiga kichwani, ila vifaa vyenyewe nimevishika kidogo sana, fildi tulikuwa tunasimama nyuma ya mkubwa tunaangalia anavyofanya.

Naomba kujua kazi za netiweki hapa Arusha na Moshi ziko wapi hasa? Na nikikubali deiwaka ya kuvuta waya na kufunga kamera si nitaonekana fundi tu, CV ikaharibika? Alafu kuna jamaa zangu wananiambia niongeze cheti kingine haraka, mwingine anasema nihamie Dar, mwingine nisubiri ajira za serikali. Nimechanganyikiwa kwa kweli. Karibuni.

Mzee wa Krimpa

Hongera sana dogo na dada yako mpe pongezi zake, huo mtihani watu wanaufanya wanarudi mikono mitupu.

Nianze na kazi ziko wapi. Hapa Arusha usitafute kampuni yenye bango la netiweki, tafuta nani anaumia intaneti ikikatika. Kampuni za utalii zote, mjini hapa na zile za Njiro, zinapokea buking kwa imeili na simu za nje mchana na usiku. Lodge na kambi za kuanzia Karatu mpaka Serengeti. Mashamba ya maua Usa River. Mashule ya bweni, mahospitali, mashirika, ofisi zilizojaa jengo la AICC. Alafu kuna hizi kampuni ndogo na za kati zinazosambaza intaneti kwa faiba na kwa redio za juu ya paa. Hawa wote wana netiweki na wengi hawana mtu wa netiweki, wana mtu mmoja wa IT anaefanya kila kitu au wanamwita fundi kutoka nje. Huyo fundi wa nje ndio mlango wako.

Kitu cha pili, ukifika saiti usishangae hukuti Cisco. Utakuta rauta za MikroTik kwenye raki, redio za Ubiquiti juu ya paa, aksesi pointi za bei nafuu vyumbani. Wenye Cisco ni taasisi kubwa. Lakini usifikiri umesoma bure, VLAN ni VLAN, 802.1Q ile ya kuweka alama za VLAN ni ile ile, OSPF ni ile ile, NAT haibadiliki, kinachobadilika ni vitufe. Kwa hiyo wiki hii hii pakua Winbox, programu ya kuseti MikroTik, na ile rauta ya MikroTik ya kuendesha ndani ya kompyuta inaitwa CHR, leseni yake ya bure inabana spidi ya kutoa kwenye 1 Mbps kwa kila tundu ila kwa kujifunzia inatosha kabisa. Jifunze kuseti PPPoE (mteja anaingia kwa jina na nywila), hotspoti ya voucha, kugawa spidi kwa kila mteja, fayawoli, na kuchukua bakapu. Hivyo vitu vitano ndio mkate wa hapa mjini.

Kuhusu waya, vuta dogo. Mtu aliyevuta waya kwenye dari la hoteli anajua kwanini chumba cha mwisho kabisa intaneti inakuja na kupotea, kwa sababu alipima akaona waya umepita mita 100 na kebo ya shaba mwisho wake ni hapo. Mwenye cheti tu ataenda kubadilisha aksesi pointi tatu na tatizo liko pale pale. Nunua krimpa nzuri ya kubana vichwa vya waya na testa, zoea mpangilio wa rangi wa 568B mpaka mkono ujue wenyewe, nyeupe chungwa, chungwa, nyeupe kijani, bluu, nyeupe bluu, kijani, nyeupe kahawia, kahawia.

Nikupe mfano wa kitu kinachotokea sana huku. Unapigiwa simu, hoteli fulani, nusu ya watu intaneti inakubali nusu inakataa, na waifai inaonyesha imeshika vizuri tu. Ukifika usikimbilie kuzima na kuwasha. Unganisha laptopu angalia umepewa anwani gani. Netiweki ya hoteli inaanza na 10.10.20, wewe umepewa 192.168.0.105 na getiwei ni 192.168.0.1. Hapo umeshajua kuna rauta nyingine imechomekwa mahali na inagawa anwani zake. Mara nyingi ni mtu wa ofisini amenunua karauta mjini ili waifai ifike mezani kwake, waya akauchomeka kwenye tundu la LAN (la ndani) badala ya WAN (la nje). Sasa piga amri ya arp -a uone MAC, namba ya kifaa chenyewe, ya hiyo 192.168.0.1, ingia kwenye swichi, tafuta kwenye jedwali la MAC hiyo namba inaonekana tundu la ngapi, fuata waya mpaka unapoishia. Hujazima kitu, hujasumbua mgeni hata mmoja na umeikamata. Ukimaliza washa DHCP snooping, swichi ikatae rauta ngeni kugawa anwani, kesho isijirudie. Hayo yote yamo kwenye CCNA yako, ulichokosa ni hoteli ya kuyafanyia, na hoteli utaipata kwa kubeba ngazi ya fundi anaekwenda huko.

Binti Kiboriloni

Mimi naandika kutoka Moshi, nipo kitengo cha TEHAMA kwenye taasisi moja ya huku. Nakubaliana na kaka Mzee wa Krimpa ila kuna kitu hajakisema na mimi nimeona vijana wengi wanaangukia hapo hapo. Deiwaka peke yake haijengi CV. Unaweza ukavuta waya mwaka mzima na mwisho wa mwaka ukiulizwa umefanya nini unajibu nilikuwa nafunga intaneti. Basi. Anaekuuliza hawezi kujua kama ulikuwa unafikiri au ulikuwa unashikilia ngazi.

Kwa hiyo mdogo wangu kila saiti unayoenda, andika. Daftari la kawaida linatosha. Tatizo lilikuwa nini, uliona nini, ulijaribu nini, kipi kilitatua, na uchore mchoro wa netiweki hata kwa kalamu ya risasi, rauta hii, swichi hii, VLAN ngapi, anwani zipi. Majina ya wateja usiweke wala nywila zao, hiyo ni siri ya watu. Baada ya muda unakuwa na saiti kadhaa zilizochorwa na ukienda kwenye intaviu unafungua daftari. Mimi nakaa upande wa pili wa meza siku hizi, nakwambia mtu akifungua mchoro wake mwenyewe na kuuelezea, vyeti vyake tunaviangalia baadae.

Njia nyingine ambayo wanaume wengi wanaidharau ni sapoti ya kawaida. Kurekebisha printa, kumsaidia mhasibu aliyesahau nywila, kubadilisha pachi kodi, vile vijiwaya vifupi vya kuunganishia. Hospitali, vyuo, mahoteli, saccos, viwanda, Moshi hapa mpaka kiwanda cha sukari TPC huko, wote wanahitaji mtu wa hivyo. Ukishakuwa ndani funguo za chumba cha seva zinakufikia mkononi mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu mkubwa wako amechoka na anatafuta wa kumwachia. Ukipewa chumba hicho siku ya kwanza weka lebo. Kila waya, pande zote mbili. Hakuna kazi rahisi inayoheshimika kama hiyo, maana siku umeme umerudi kwa kishindo na swichi imekufa, wewe ndie unaejua waya upi unarudi wapi na wodi ya wagonjwa inarudi hewani kabla ya wengine hawajapata hata tochi.

Serikali usisubiri ukiwa umekaa. Fungua akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, jaza taarifa zako zote, nafasi za TEHAMA zikitoka omba kisha rudi kwenye shughuli zako. Kule sifa ya kwanza wanayoangalia ni diploma au digrii, CCNA peke yake haikuingizi ila kwenye usaili wa mchujo maswali ya netiweki yakija wewe utayaona mepesi.

Na barua usizitume kwa imeili tu. Vaa vizuri, chapa CV, zunguka nazo. Watu wa huku wanapenda kumuona mtu.

Zamu ya Usiku

Habari zenu. Mimi mtoto wa Ngarenaro ila sasa nipo Dar kwenye chumba cha kuangalia netiweki, NOC, cha kampuni ya intaneti. Niongelee Dar na habari ya vyeti.

Dar kuna nafasi zaidi ni kweli, makampuni makubwa yana makao yao huku, nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na EASSy zinatokea huku. Lakini kuja bila mahali pa kulala na bila mwaliko wa intaviu ni kujitesa, nauli na kodi vitamaliza akiba na CV itakuwa ile ile uliyoondoka nayo. Njoo ukiwa na kitu cha kuonyesha. Kazi ya NOC ngazi ya chini ni zamu, usiku na mchana, unaangalia skrini, kiungo kikikatika unafungua tiketi, unapima, unaamua kama ni la kwako au unampandishia wa juu. Kinachowashinda wengi kwenye kuanza sio OSPF, ni kuandika. Tiketi inatakiwa isomeke na mtu wa zamu inayofuata bila kukupigia simu ukiwa umelala. Unaandika saa ngapi kilikatika, upande upi, ping inafika wapi inaishia wapi, umempigia nani. Na nyingi zinaandikwa kwa kiingereza kwa hiyo anza kujizoeza sasa hivi kwenye hilo daftari alilolisema dada hapo juu.

Kitu ambacho CCNA haikufundishi kwa undani na huku kinaulizwa kila siku ni faiba. Mteja anasema taa ya LOS ni nyekundu, maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa chake, hapo usimwambie azime awashe mara kumi, tuma fundi na kipimo. Kwenye GPON, faiba ya wateja wa majumbani, kama mwanga unaofika kwa mteja umeshuka kuelekea -27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) uko ukingoni, ukivuka hapo kidogo tu anakatika. Na -30 huko ni waya umekunjwa kwenye kona, kiunganishi kina vumbi, au lori limegusa nguzo. Ukienda kwenye intaviu ya kampuni ya faiba ukaongea hivi watakaa wima kwenye viti.

Vyeti sasa. CCNA yako inaishi miaka 3. Usikimbilie kingine leo, ufanyie kazi kwanza hicho ulichonacho. Kwa Arusha kama ukipata nafasi ya darasa la MTCNA, cheti cha kuanzia cha MikroTik, ichukue maana ndio vifaa vya huko, na ile mtihani unafanyika mwisho wa darasa, kufaulu ni asilimia 60. CCNP, cheti cha juu ya CCNA, haina sharti la kuwa na CCNA kwa karatasi, unaweza kufanya ENCOR, mtihani wake mkuu, muda wowote, na ukifaulu ENCOR kabla CCNA haijaisha inajihuisha yenyewe, kwa hiyo panga mwaka wa tatu iwe hiyo badala ya kulipa tena mtihani ule ule. Ila dola 400 za ENCOR usimwombe dada tena kaka, hizo zitoke kwenye mshahara. Kwa sasa vya bure vipo, AFRINIC, wale wanaogawa anwani za intaneti Afrika, wana mafunzo ya IPv6 (anwani za kizazi kipya) mtandaoni hayana malipo, Linux weka kwenye laptopu yako, na Python kidogo ya kuingia kwenye swichi ishirini kwa mpigo na kuchukua bakapu.

Tahadhari moja. Kuna vijana wanachukua laini moja ya faiba nyumbani wanaanza kuuzia mtaa mzima kwa voucha wanasema wanajifunza. Kuuza intaneti kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Usianze kazi kwa kesi.

Kijana wa Sakina

Aisee nawashukuru mno, nimesoma majibu yenu mara mbili mbili na jana nimeshusha Winbox na CHR, PPPoE imekubali ila hotspoti bado ukurasa wa kuingiza voucha haufunguki ntaendelea nao leo usiku.

Kuna jamaa mmoja Mianzini anafunga intaneti kwenye malodge, nimempigia kasema Jumamosi niende tuonane na kuna kambi ya mahema 40 anaifunga upande wa Karatu. Nina wasiwasi wa mambo mawili. Kwanza ataniuliza nini? Pili minara, mimi urefu unanipa shida kidogo na nimesikia huko kupanda ni lazima, na malipo sijui niongee vipi maana sina uzoefu, naogopa nikitaja hela ataniona nina haraka.

Mzee wa Krimpa

Hotspoti kwanza, angalia DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani) kwenye hiyo CHR, kama rauta haijibu maombi ya DNS ya mteja ule ukurasa hautatokea kamwe. Ruhusu maombi ya kutoka ndani, ila kwenye fayawoli zuia yanayotoka nje usije ukawa DNS ya dunia nzima.

Kupanda, sikiliza vizuri. Bila mkanda wa usalama wa mwili mzima wenye kamba mbili, hupandi, hata kama bosi amekasirika, hata kama mnara ni mita sita. Mawingu yakianza kujikusanya mlimani unashuka, hujadili. Kipindi cha masika radi huku inapiga redio za juu ya paa kila mara na inafuata waya mpaka kwenye swichi, ndio maana utaona mafundi wazuri wanatumia kebo yenye ngao, wanaifunga na ardhi, na kati ya jengo na jengo wanapitisha faiba kwa sababu kioo hakipitishi umeme. Mwambie jamaa wazi kwamba urefu unakupa shida, utaanza chini, kwenye raki na kwenye waya. Watu wa kupanda wapo wengi, watu wa kukaa na rauta wakaiseti vizuri ndio wachache.

Malipo ongea kabla hamjapanda gari. Posho ya siku kiasi gani, chakula na malazi ni ya nani mkiwa Karatu, ukiumia nani anakutibu. Hayo sio haraka, ndio utaratibu, na anaekasirika ukimuuliza nani atakutibu usiende nae.

Atakuuliza nini? Mimi ningekupa hiyo hiyo kambi ya mahema 40. Kila hema wageni wawili, kila mgeni vifaa vitatu siku hizi, simu, laptopu na saa, hapo una 240 kabla hujahesabu madereva na waongoza watalii wanaolala kambini. Ukitoa /24 una anwani 254, utajaa usiku wa kwanza kambi ikiwa imejaa. Toa /23 upate 510, na anwani mgeni asikae nazo siku tatu, mpe za masaa machache zirudi wakiondoka asubuhi. Ofisi /26, kamera /27. Wageni wasione kamera wala kompyuta ya mhasibu, hiyo ni VLAN na fayawoli. Na uliza intaneti inaingia kwa njia gani, kama ni setilaiti ile ya mbali kuchelewa tu kunapita nusu sekunde kwenda na kurudi, hata useti vipi simu za video zitasumbua, kwa hiyo mwenye kambi aambiwe mapema kabla hajakulaumu wewe.

Chora hiyo kitu uweke hapa kabla ya Jumamosi tuiangalie.

Binti Kiboriloni

Na usisahau baa na mapokezi, zile mashine za kadi. Zipe VLAN yake peke yake, usizichanganye na ofisi, na uhakikishe ndio za kwanza kupewa njia spidi ikibanwa maana mgeni anaondoka saa kumi na mbili asubuhi na anataka kulipa hapo hapo.

Kijana wa Sakina

Nimechora. VLAN 10 wageni 10.40.0.0/23, VLAN 20 ofisi 10.40.2.0/26, VLAN 30 kamera 10.40.2.64/27, VLAN 40 mashine za kadi 10.40.2.96/28. Aksesi pointi zenyewe nimezipa anwani kwenye VLAN ya ofisi, hapo sina uhakika.

Zamu ya Usiku

Hesabu imekaa vizuri. Aksesi pointi, swichi na rauta zitoe kwenye ofisi zipe VLAN ya usimamizi, 10.40.2.128/26 iko wazi, aingie fundi tu. Mhasibu akipata virusi asiwe chumba kimoja na swichi zako.